Majina Yenu Niliyoyafanya Ufunguo

Geita,
Jumapili mchana

Dada yangu mpendwa Kulwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na watoto, na kwamba goti la mama limepata nafuu tangu mvua zianze. Lile paa la jikoni mmeshaliziba? Na cherehani yako, yule fundi amekuletea mkanda mpya au bado anakuzungusha na njoo kesho, njoo kesho? Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, sina homa, na ukiniona kwa mbali utasema Shija amenawiri. Lakini moyoni si mzima, dada, na ndiyo sababu umekaa muda mrefu bila kupata hata salamu za mdomo kutoka kwangu. Usimgombeze yule kondakta wa basi anayetubebea barua. Hakupoteza barua yoyote, ni mimi sikuandika.

Nilianza mara tatu nikachana. Ile ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili nzima za habari za mvua na mihogo, mimi ambaye hata jembe silijui linauzwa wapi hapa Geita. Leo nimejifungia chumbani, nimejikaza, na nalisema lote kabla sijageuka tena: nimemfanya mtu mwema aitwe mwizi. Mtu mwenyewe ni Mzee Bonifasi, huyu huyu ninayeishi kwake. Kisha nikajua kwamba si mwizi, nikanyamaza siku kumi na moja. Naona aibu, Kulwa. Naona aibu hata kuandika jina lako hapo juu, na ukisoma utaelewa kwa nini.

Unajua kazi yangu kwa juu juu tu, maana kila nikija likizo naisimulia kwa maringo na kuacha yaliyo ya maana. Kampuni yetu inatafuta dhahabu, haijaanza kuchimba. Mashine inachoronga shimo jembamba kwenda chini, inatoa vipande vya mwamba, vinatiwa kwenye mifuko yenye namba, mifuko inapelekwa maabara. Baada ya wiki kadhaa zinarudi karatasi za kusema shimo lipi lina dhahabu na lipi ni mawe matupu. Mimi ndiye ninayeingiza majibu hayo kwenye kompyuta. Sasa wewe fikiria, mtu akijua kwamba shimo fulani kwenye kilima fulani limetoa majibu mazuri, huyo hahitaji mashine. Anawaambia wenzake, na kabla wiki haijaisha kilima kimejaa watu wenye sururu. Kwa hiyo majibu yale ni siri, na kila faili lina neno la siri la kulifungulia.

Mwanzoni yalikuwa maneno mawili. Mwaka huu yakafika saba, na kila mwezi yanabadilishwa. Meneja wetu, mzungu mmoja mrefu mpole, hataki kabisa yaandikwe kwenye karatasi. Mimi niliyaandika nyuma ya kalenda. Akayakuta, akaibandua kalenda taratibu, akanirudishia mkononi, na bora angenifokea. Nikajaribu kuyashika kichwani, nikawa nayachanganya, kompyuta inanikatalia mbele za watu kama mlevi anayekatazwa kuingia dukani. Na nilikuwa na yangu binafsi pia: namba za kufuli la sanduku langu, namba ya kitabu changu cha akiba, na neno la kufungulia barua za kompyuta nilizofunguliwa anwani kule Mwanza. Usicheke. Hakuna anayeniandikia huko, lakini anwani ninayo.

Ndipo akaja fundi wa kompyuta kutoka Mwanza, kijana wa Kichaga, msafi, mwenye haraka. Alikuja kukagua kama mashine zetu zitapotewa na akili mwaka elfu mbili ukiingia, kama redio inavyosema. Nikamweleza shida yangu. Akasema dawa ipo. Kuna programu za kutunza maneno ya siri, unayaweka yote ndani yake kama vitu kwenye sanduku, unalifunga, halafu kazi yako ni kukumbuka neno moja tu, lile la kufungulia sanduku. Alikuwa nazo tatu kwenye disketi zake. Akaniwekea zote nizijaribu wiki nzima, nichague moja iwe yangu.

Dada, nilizichagua kama tunavyochagua kitenge. Ya kwanza ndiyo fundi aliyoisifia. Ilikuwa na sura mbaya, maandishi meusi matupu, na haikukubali neno fupi. Ilitaka sentensi nzima, yenye namba katikati, na ukikosea mara tatu inajifunga na kukungojesha. Ilinikera kama mwalimu wa zamu. Ya pili ilikuwa nzuri, lakini ilisema ni ya siku thelathini tu, baada ya hapo utume dola Ulaya, na mimi hata hiyo dola siijui ina picha ya nani. Ya tatu ilikuwa na picha ya mlango mdogo wa kijani. Ukiandika neno lako zinatokea nyota, tititi, kisha mlango unafunguka wenyewe. Ilikubali neno lolote, na ukikosea haikasiriki, unajaribu tena na tena. Nikasema hii ndiyo yangu. Fundi akatazama, akasema, "Hii ni rahisi mno, dada. Lakini ukiweka neno zuri itafaa."

Nikamuuliza neno zuri ni lipi. Akasema, "Usiweke jina lako, wala la mchumba, wala la mtoto, wala siku uliyozaliwa. Weka kitu ambacho hujawahi kumwambia mtu yeyote hapa ofisini."

Nikafikiri. Hapa Geita sijawahi kumsimulia mtu habari za nyumbani. Wanajua natoka Shinyanga, basi. Hakuna anayejua kwamba nina dada anayeshona, wala kaka anayelima mpunga Kahama, wala kwamba ninyi wawili mlikuja siku moja. Nikaandika kulwadoto, herufi zote zimeungana. Mlango wa kijani ukafunguka. Nilifurahi, nikawa kila asubuhi nikiingia kazini nawaandika ninyi, naona kama mmenifungulia mlango. Fundi nilipomwonyesha kwa siri alisoma mara mbili, akasema, "Kulwadoto? Hata sijui ni kitu gani. Safi sana."

Umeshaona, Kulwa? Naamini umeshaona, umeshaweka mkono mdomoni. Mimi sikuona.

Sasa nikujulishe watu wawili. Wa kwanza ni Mzee Bonifasi. Ni Msumbwa wa Ushirombo, mtu wa kanisa, ndiye mtunza ghala la sampuli. Funguo za ghala anazifunga kwa kamba kwenye mkanda, na akikaa kula anazishika kwa mkono wa kushoto. Nilipofika Geita sina pa kulala ni yeye aliyeniambia, "Mwanangu, kuna chumba uani, binti yetu Yustina ameolewa." Mke wake, Mama Yustina, hajawahi kulala bila kunifunikia sahani. Kodi nikitaka kuwapa wanapokea kwa aibu kana kwamba wao ndio wanaoniomba.

Wa pili ni Masanja, dereva wa gari la sampuli, Msukuma wa Maswa, mtu wa mizaha na meno meupe. Jumamosi ofisi ikiwa kimya alikuwa anakuja kucheza karata kwenye kompyuta yangu. Meneja alikuwa amekataza, lakini mimi nilijiona mwema. Nilikuwa namwachia kiti naenda zangu sokoni, narudi namkuta bado anacheza, tunacheka, ananinunulia soda. Sitakuficha kwamba ile soda ilinipendeza.

Mwezi uliopita yalikuja majibu ya kilima kimoja upande wa Rwamgasa. Mashimo matatu yalikuwa mazuri kuliko yote tuliyowahi kuyapata. Niliyaingiza Ijumaa. Jumatatu iliyofuata wachimbaji walikuwa wamejaa kilimani kama siafu, wamekwisha kutundika maturubai, na maduara yao, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao ya kuchimbia, yalikuwa palepale kwenye yale matatu. Hakuna aliyepiga hata hatua ishirini pembeni. Mtu alikuwa amewapa namba za mashimo.

Meneja akatukusanya. Majibu yalikuwa mahali pawili tu: kwenye kompyuta yangu, na kwenye kabati la chuma la ghala, ambamo karatasi za maabara zinahifadhiwa. Akaniuliza mimi kwanza, nani mwingine anayejua neno lako la siri. Nikasimama, dada. Hakuniambia nisimame, nilisimama mwenyewe. Nikasema, "Hakuna mtu duniani anayelijua. Na hakuna anayeweza kulikisia." Nikaongeza kwamba fundi mwenyewe alilisifu. Meneja akampigia fundi simu ya upepo pale pale, na fundi akajibu kwamba neno la Shija ni zuri, halimo katika kamusi wala kitabu chochote.

Basi likabaki kabati, na mwenye ufunguo wa kabati ni mmoja. Mzee Bonifasi alisema, "Sijafungua, bwana. Tangu nilipoziweka sijafungua." Alilisema mara moja tu. Wakamwambia afungue ile kamba kiunoni. Mafundo yalimshinda, wakakata kwa kisu. Alitoka ameshikilia suruali kwa mkono, maana mkanda nao ulikuwa umelegea, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nampisha.

Niseme na hili: siku ile nilimdhania. Nilijisema moyoni kwamba wazee nao wana shida zao, huwezi kujua. Nilirudi jioni nikala chakula chake nikiwa nimemdhania wizi.

Siku ya pili Meneja akaniita. Akasema mimi ni mfano kwa wenzangu, na kwamba kampuni itanipeleka Dar es Salaam miezi mitatu kusomea kompyuta. Nilitoka mle ofisini sikanyagi chini. Nikaenda kula kwa mama lishe mmoja wa njia ya soko, mahali nisipopazoea, ili nijipongeze kwa samaki. Mama mwenyewe ni mtu mzima, mnene, ameketi nyuma ya masufuria.

"Mwangaluka mayu," akanisalimia kwa Kisukuma. "Karibu. Nikuite nani?"

"Shija," nikasema.

"Eee, Shija!" Akacheka, anapakua. "Basi kwenu Kulwa na Doto wapo? Wazima wote wawili?"

Nilikuwa sijaketi bado. Nikamuuliza, "Unawajua dada na kaka yangu?"

"Niwajulie wapi, mwanangu? Si umeniambia wewe jina lako? Shija hatokei hewani. Lazima mapacha wametangulia, na mapacha ni Kulwa na Doto. Au kwenu mapacha mnawaitaje?" Akamgeukia mteja mwingine wacheke pamoja. "Kanadhani mimi mganga!"

Samaki sikula. Nililia pale pale benchini, yule mama akidhani ameuliza habari za marehemu, akaanza kuniomba radhi. Kulwa, nimezaliwa Shija, nimeitwa Shija miaka yangu yote, na tangu utotoni kila bibi wa kwetu Ngokolo aliyenisikia jina aliniuliza habari zenu kabla hajaniuliza zangu. Nililijua jambo hilo kama ninavyojua kutembea, na siku nilipotakiwa kufikiri nikafikiri kama Mchaga wa watu ambaye hawezi kulijua. Nimefunga mlango, halafu nikaning'iniza ufunguo nje, ukiwa umeandikwa jina langu. Masanja alihitaji tu kukaa kwenye kile kiti Jumamosi ile nikiwa sokoni na kujaribu mara mbili tatu, na programu yangu nzuri ya kijani haikasiriki. Nilipouliza habari za Masanja nikaambiwa ameomba ruhusa ya msiba Maswa wiki ile ile. Mpaka leo hajarudi.

Hapo ndipo ningesema. Kutoka kwa yule mama lishe mpaka ofisini ni mwendo wa kumaliza sala moja. Nilifika mpaka mlangoni kwa Meneja, nikasikia anaongea kwa furaha na mtu kwenye simu, nikasema nitakuja kesho. Kesho nikasema keshokutwa. Nilikuwa naitaka Dar es Salaam, dada, nisikudanganye. Nilikuwa nimeshaanza kujiona na begi. Na zaidi ya hapo nilikuwa naona aibu ya kuonekana mjinga. Nilimwacha mzee aitwe mwizi ili mimi nisiitwe mjinga.

Sijui nikuelezeje zile siku kumi na moja. Asubuhi nikitoka chumbani namkuta uani ameketi kwenye kigoda, amevaa shati la kazini, hana pa kwenda. Namwamkia, "Shikamoo baba." Anaitika, "Marahaba mwanangu, umeamkaje? Nenda salama." Kila siku. Watoto wa mtaani walikuwa wamemtungia jina, wanapita kwenye ua wanaita Bwana Mashimo wanakimbia. Mama Yustina akienda bombani wanawake wanampisha kwa heshima ile mbaya, ile ya kunyamaza. Jioni ananifunikia sahani, na nyama ikiwa ndogo naipata mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyebaki na kazi. Nilikuwa nameza bila kutafuna.

Jioni ya siku ya kumi na moja Mama Yustina alileta karatasi na kalamu chumbani kwangu. Akasema, "Shija mwanangu, wewe una mwandiko mzuri na Meneja anakusikiliza. Tuandikie barua, useme baba yako si mwizi." Mzee akaja akaketi, akawa ananitajia maneno. Niliandika kwamba yeye Bonifasi amefanya kazi bila kosa, kwamba anaomba achunguzwe upya. Mke wake akamdakia, "Mwambie basi na huyo dereva aliyekimbia! Kwa nini humtaji?"

Mzee akasema, "Sikumwona akifungua. Andika kwamba simtaji mtu yeyote, kwa sababu mimi najua sasa inavyokuwa ukitajwa na mtu ambaye hakukuona."

Na mimi nikaandika. Kwa mkono huu, mwandiko ule mzuri walionisifia shuleni, niliandika maneno yale mpaka nukta, nikamsomea, akatia sahihi yake. Akanishukuru. Usiku huo sikuongea na Mungu, sikuwa na uso wa kumwelekezea.

Asubuhi nikaiweka barua ya mzee mezani kwa Meneja, na alipomaliza kuisoma nikamwambia yote. Kwanza hakunielewa. Alisema, kwa Kiswahili chake cha polepole, "Lakini Shija, wewe hukumwambia mtu neno hili." Nikasema, sikumwambia mtu neno, niliwaambia watu jina langu. Bado haelewi. Mwishowe nikamwomba amwite mtu yeyote, Msukuma mwenzangu yeyote, nami nisifungue mdomo. Akamwita mlinzi wa getini, mtu ambaye ameanza kazi wiki mbili tu.

Meneja akamuuliza, "Huyu dada anaitwa Shija. Waliozaliwa kabla yake wanaitwa nani?"

Mlinzi akatutazama kama mtu anayeulizwa leo ni siku gani. "Kulwa na Doto, bosi. Kwani wamefanya nini?"

Meneja akageukia kompyuta, akaandika taratibu kwa vidole viwili. Nyota zikatokea, na mlango ule wa kijani ukafunguka. Hakukasirika, au hakuonyesha. Aliniuliza tu nilijua lini. Ningeweza kusema jana. Nikasema siku kumi na mbili sasa, ukihesabu na ya leo. Akaandika hiyo. Habari ya Dar es Salaam hatukuitaja tena, hata kuikanusha haikukanushwa. Kompyuta ameniondoa, nabandika namba kwenye mifuko mpaka mwisho wa mwezi, halafu basi. Kwa ujinga peke yake, alisema, asingenifukuza.

Mzee Bonifasi alitumiwa gari siku hiyo hiyo arudi kazini, na Meneja mwenyewe akamwomba radhi mbele ya wote. Lakini mimi nilikuwa nimeomba niwahi kumwambia kwanza kwa mdomo wangu, kabla gari halijafika. Nilipiga magoti pale uani. Nilieleza yote, kuanzia programu tatu mpaka yule mama lishe. Mama Yustina alishika kichwa, akawa anarudia, "Na barua? Na barua umetuandikia wewe?"

Mzee aliuliza swali moja. "Asubuhi ulipokuwa unaniamkia, ulikuwa umeshajua?"

Nikasema, "Ndiyo, baba."

"Zote hizo?"

"Zote."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa bei. Akaenda kujifunga mkanda.

Nilitaka kuhama jioni ile ile. Mama Yustina akanizuia mlangoni, macho mekundu, akasema chumba ni changu mpaka nitakapoondoka Geita, na nisimwongezee aibu ya majirani. Sahani bado inafunikwa. Mzee hajanitukana, hajanisema kwa mtu, na ofisini akinipa mifuko ananipa kwa utaratibu kabisa. Lakini asubuhi ya kesho yake nilipotoka na kusema, "Shikamoo baba," alikuwa anafunga kamba ya viatu. Akafunga cha kulia, akafunga cha kushoto, akasimama, akaenda kazini. Hakuitika. Mzee Bonifasi, Kulwa, ambaye huwaitikia hata walevi wa njiani wanaomwamkia kwa utani! Leo ni siku ya tano. Kila asubuhi naisema, kwa sauti ya kusikika, na inabaki pale uani. Mama Yustina hupiga masufuria ili isiwe kimya.

Simlaumu. Zile za mwanzo aliniitikia kumi na moja nikiwa namlaghai, kwa hiyo sasa nadaiwa na sijui nilipe vipi. Kabla sijafika Geita sikujua kwamba neno dogo kama marahaba, lisiposemwa, laweza kumwacha mtu mzima amesimama uani hana pa kuweka mikono.

Basi ndizo habari zangu. Nikimaliza mwezi narudi Ngokolo. Nimeifuta ile programu na mlango wake. Namba za kufuli na za kitabu cha akiba nimezishika kichwani, na zikinitoka zitanitoka. Usihofu kuhusu kazi, nitakusaidia vifungo na pindo mpaka nipate nyingine, na nitashona vibaya utanifumulia kama zamani.

Nisalimie kaka Doto ukipata mtu wa kwenda Kahama, na mwambie nimetumia jina lake bila ruhusa, ufafanuzi nitampa mwenyewe. Msalimie shemeji na wanao wote, mkubwa asichezee tena mkasi. Msalimie shangazi wa ng'ambo ya reli, na Mhindi wa baraza unaposhonea, mwambie karatasi hizi nilizinunua kwake na zimenifaa. Wewe mwenyewe nakuomba radhi, dada, kwa kuwa nililiweka jina lako mahali ambapo likamfungulia mwizi na kumfungia mtu mwema.

Mama nimemwacha wa mwisho. Najua utamsomea wewe, na nakujua kwa huruma zako utataka kuruka. Usiruke. Msomee pale nilipomdhania, na pale nilipoandika ile barua, na zile siku zote. Ukimaliza, mpe nafasi anyamaze kadiri atakavyo, kisha mwambie, Shija anasema shikamoo. Usimhimize, wala usimsaidie. Kama ataitika, niandikie neno hilo moja tu, hata kwenye kipande cha gazeti, umpe kondakta. Na kama hataitika niandikie pia, nitakuja hivyo hivyo.

Ni mimi mdogo wenu,
Shija